Mlango wa Chumba cha Uani

Wete, Pemba
3 Februari 1976

Mwanangu Mardhiya,

Huku sote wazima, ila goti langu ndilo halitaki kusikia la mtu. Wewe je, baridi ya London imekupunguzia makali? Na yule bibi mlemavu unayemhudumia, Ledi Jane, hajambo?

Mdogo wako Zuwena ameletewa posa na watu wa Mtambwe. Wanawake wao watakuja kumwona baada ya Maulidi. Dada yake Kijakazi nitamfungia ndani ya chumba cha uani, kama tunavyofanya wageni wakija, wasije wakasema ukoo wetu una miguu iliyopooza. Tuombee mambo yaende.

Mama yako

London
24 Februari 1976

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lisugue mafuta ya karafuu, usione uvivu. Mie mzima, mafua tu.

Ledi Jane hajambo, lakini nilidhani atanifukuza. Unajua miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Kiti cha Baraza la Malodi, lile bunge la mabwana wakubwa, amekirithi kwa baba yake, na huko huenda na kigari chake kupigania sheria ya walemavu, waweze kuingia ofisi za serikali bila kubebwa. Juzi wakubwa wa wizara walikuja nyumbani kuzungumza naye hayo. Mie kusikia kengele tu, nikamsukuma chumbani, nikamfunika miguu kwa shali, nikafunga mlango. Wageni nikawapa chai, nikawaambia bibi hayupo. Wallahi sikufikiri, mama. Mikono ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya kumfungia Kijakazi.

Akagonga mpaka nikamfungulia. Akatoka, akazungumza nao kama hapakuwa na lolote. Walipoondoka akaniita, nami nikajua leo nafungasha. Akaniuliza kwa upole, "Kwenu nani anafungiwa?"

Nikamtaja Kijakazi, nikalia. Akanambia na yeye, katika jumba lao kubwa, baba yake akipata wageni yaya alimpandisha juu asionekane. "Nilisikia vicheko vyao," alisema, "nikidhani nimefanya kosa."

Mama, Kijakazi anasikia kila kitu akiwa uani. Nakuangukia miguuni, siku hiyo mwache akae ukumbini.

Mwanao Mardhiya

Wete
9 Machi 1976

Mardhiya,

Salamu zako zimefika. Huyo bibi yako ni binti wa malodi, akikohoa tu atasikilizwa. Sisi tuna nini? Posa ikivunjika hapa, habari itafika Chake kabla ya adhuhuri. Usinifundishe ulezi kutoka Ulaya. Miaka yote hii anayemwogesha Kijakazi ni nani?

Mama yako

London
20 Aprili 1976

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinaniumiza. Hata goti sijui linaendeleaje. Niandikie, japo mstari mmoja wa kunigombeza.

Mwanao Mardhiya

Wete
17 Mei 1976

Mwanangu mpenzi,

Goti limepoa kidogo, mafuta yamesaidia. Nilinyamaza kwa kuwa sikujua niandike nini.

Siku ile nilimfungia Kijakazi. Wageni wakaketi, nikamwita Zuwena aje aonwe. Hakuja. Nikaenda uani, nikamkuta kakaa chini na nguo zake mpya, kauegemea ule mlango. Kumbe barua yako aliisoma.

"Mama," akanambia, "wakitaka kuniona mie, watatuona sote wawili."

Nikabaki nimesimama na sinia la haluwa mkononi. Mwisho nikafungua. Tukambeba Kijakazi, mmoja huku, mmoja huku, tukamkalisha ukumbini. Akawapa wageni mkono mmoja mmoja, akawauliza habari za Mtambwe. Mtoto yule hajapata kuzungumza na mgeni tangu akiwa mdogo.

Watu wa Mtambwe hawajarudi mpaka leo. Zuwena alilia, kisha akazikunja zile nguo mpya. Mie nina uchungu, sikufichi, na kidogo nakulaumu wewe.

Lakini Kijakazi uani hataki tena. Kila alasiri anataka barazani, na kila apitaye yeye humwita. Mgongo wangu hauwezi tena kumbeba. Muulize bibi yako kigari kama chake kinapatikana wapi, na kama kipo chenye magurudumu mapana. Njia yetu ina mchanga.

Mama yako,
na Kijakazi, ambaye amesema jina lake nalo liandikwe hapa