Jina la Awuor

Mjukuu wangu Awuor,

Huku Homa Bay tu wazima, mamako amevuna mtama, ni goti langu tu linalonisumbua. Umeandika kwamba shangazi yako anataka ubadilishe jina, eti ni la mchawi. Mimi ndiye niliyekupa jina hilo, kwa hivyo nisikilize.

Miaka ya sitini, ziwa lilipofurika, nilikuwa nimeolewa majuzi. Nyavu zilitoka tupu. Wavuvi wakasema Awuor, jirani yetu mjane, ameshika mtumbwi wao, jambo ambalo mwanamke alikatazwa, na kwamba ameuroga. Hakuna aliyenunua tena samaki aliowakausha kwa moshi, na wanaume wakaanza kusema watachoma nyumba yake.

Niliogopa sana. Hata hivyo nilienda ufuoni watu wote wakiwapo, nikachukua samaki wake mmoja, nikala mpaka nikabakiza mifupa.

“Kesho tutakuzika,” mama mkwe akaniambia.

Kesho yake nilirudi, nikala tena. Siku ya tatu mama mkwe alinifuata, akatutazama mimi na Awuor tukiwa na samaki, kisha akanyoosha mkono.

“Nipeni kichwa.”

Nyumba haikuchomwa. Awuor alikufa mzee, kitandani mwake. Mwalimu akiita majina, itikia kwa sauti.

Dani, nyanya yako