Wijdan Anakanyaga Udongo

Moknine, Jumapili

Dada yangu Mbarka,

Assalaam alaykum. Natumaini barua inakukuta mzima, magoti yameacha kukusumbua, na shemeji anapumua vizuri sasa baridi imekwisha. Sisi huku wazima. Nikisema wazima ni wazima kweli, wote wawili. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Najua unakuja Ijumaa kumchukua mwanangu Wijdan, akakae kwako Kairouan, asiguse tena mpira wa mikono. Mimi ndiye niliyekubali. Kabla hujatoka, soma hii mpaka chini. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Siku ya ajali nilikuwepo uwanjani. Wijdan yuko golini. Msichana wa timu nyingine akaruka, akarusha mpira kutoka karibu, ukampata Wijdan kwenye paji la uso. Hakuzimia. Aliinuka, akavuka uwanja mzima, akaenda kusimama kwenye goli la wapinzani. Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Hospitali walimpima, wakasema damu haikuvuja, ubongo umetikisika, apumzike siku mbili kisha aende kliniki. Mimi nilisikia apumzike. Mengine yalinipita. Wewe nawe ukaniambia giza, kimya, asinyanyuke mpaka kichwa kiache kuuma chenyewe. Nikaona sawa, maana karakanani ndivyo tunavyofanya. Chungu kibichi kikigongwa hatukitupi. Tunakishusha kwenye chumba cha chini, gizani, upepo usikipate, mtu asikiguse, kikauke polepole. Basi mwanangu nikamfanyia vile vile. Nikapigilia blanketi dirishani. Nikamkataza hata kwenda kufungua mlango.

Akazidi kudhoofika. Kijiko kikigonga sahani anaziba masikio. Chakula hataki. Akikaa kitandani anasema chumba kinazunguka. Mimi nikaongeza blanketi la pili. Siku moja akaniuliza kama mama yake naye alianza hivi. Marehemu Saliha alianza kwa kulala tu, unakumbuka, na hakuinuka tena.

Kocha wao, Bi Olfa, ndiye aliyekuja akachomoa blanketi kwa mikono yake. Akaniambia mtoto nimemzika angali hai. Akatupeleka kliniki kwa Daktari Hayet. Daktari mdogo, angeweza kuwa binti yako. Alimpima macho, shingo, akamsimamisha kwa mguu mmoja. Halafu akampandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akamfunga mkanda kifuani wa kupima moyo. Nikainuka, nikamwambia Wijdan ashuke. Daktari akaniambia mimi nikae.

Alisema hata wao zamani walikuwa wanawalaza gizani kama nilivyofanya mimi. Baadaye wakaona watoto wanaoanza kutembea mapema wanapona haraka kuliko wanaolazwa. Siku mbili za mwanzo zinatosha. Baada ya hapo mwendo ndiyo dawa, lakini kwa kipimo. Moyo upande kidogo, aweze kuongea bila kuhema. Maumivu yakiongezeka kidogo si neno. Yakiongezeka sana asimame, kesho ajaribu tena. Mpira hapana, kuruka hapana, mahali pa kujigonga hapana, mpaka daktari aseme.

Nikamuuliza, na akinifia barabarani? Akasema, "Baba Wijdan, huyu hajavunjika. Ametikisika. Mshike mkono mtembee."

Tukatembea. Tulifika kwa muuza mkate tu. Kurudi, jirani mmoja akaniuliza mbele za watu kama nimechoka kulea. Wijdan akasikia. Kesho yake akagoma kutoka. Akasema nimpeleke karakanani, kule hakuna wambea. Nikamwambia kule kuna Farhat. Akacheka. Dada, alicheka. Nilikuwa nimeshasahau meno yake yalivyo.

Kazi yangu unaijua. Nakanyaga udongo peku, nazunguka kutoka katikati kwenda nje, mkono umeshika kamba inayoning'inia darini. Hakuna msichana aliyewahi kuukanyaga pale. Wijdan alikaa akanitazama, halafu akavua viatu. Nilimpigia daktari kwanza. Akauliza kama anaweza kuanguka. Nikamwambia upande huu kuna kamba, upande ule kuna mimi. Akasema sawa, kwa kipimo kile kile.

Farhat, mwenzangu wa kukanyaga, hakukaa kimya. Akasema, "Laroussi bwana, umechoka mpaka unaleta kipa akusaidie?"

Wijdan akamjibu huku anazunguka, "Na wewe ami Farhat, mbona unakanyaga kama unauomba udongo radhi?"

Fundi Gacem, ambaye hacheki, aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nikamwambia Farhat aendelee kumchokoza. Akijibu, pumzi ipo. Akinyamaza, tunasimama. Hatukuwa na mashine nyingine.

Mwanzo alizunguka kidogo tu, akashika kichwa, akaketi. Nilitaka nimbebe nimrudishe gizani. Akasema, "Baba, ngoja." Nikangoja. Maumivu yakashuka, nayaona yanashuka usoni. Kesho yake akaenda mbele zaidi. Kila mara nikimuuliza kinauma kiasi gani ananionyesha kwa vidole, na vidole vikawa vinapungua.

Dada, mimi nimemzika baba, nimemzika mama, nimemzika mke wangu. Mwili unavyoondoka najua. Unavyorudi nilikuwa sijawahi kuona. Rangi ilianza kurudi kwenye masikio. Ikafuata sauti. Halafu mchana mmoja akaomba harissa ya pilipili kali, akamaliza mkate mzima, akalamba vidole. Siku hiyo akarudi kwenye udongo, kidevu juu, jasho linamtiririka, anazunguka kama mtu aliyerudishiwa miguu yake. Mimi miguu yangu ilikuwa imezama, nikashindwa kuinyanyua. Nikasema subhanallah. Nimekanyaga maisha yangu yote, na sikujua kumewekwa kitu kama hicho ndani ya kukanyaga.

Sasa hapa utakasirika. Kila ulipopiga simu nikakwambia amelala, hakuwa amelala. Alikuwa karakanani. Ile kelele uliyouliza nikasema ni redio, ilikuwa yeye na Farhat wanataniana. Nimekudanganya, dada yangu. Niliogopa ungekuja kumchukua kabla hajapona, na mimi ningekupa. Nakujua, na najijua.

Na kuna jingine. Daktari amemruhusu hatua kwa hatua. Kwanza kukimbia, kisha mpira mwepesi. Wiki hii akampima tena, akasema sasa anaweza kucheza na wenzake. Jana akasimama golini. Bi Olfa alishika mpira, akanigeukia mimi niliyekaa kwenye benchi, akaniuliza kama arushe. Ningesema hapana, angeuweka chini. Wijdan alinitazama. Nikaiwaza ahadi niliyokupa. Nikasema, "Rusha."

Mpira ulikuja kwa nguvu. Aliyefumba macho ni mimi. Nilisikia kishindo cha mikono yake. Nilipofumbua alikuwa ameshaurudisha, anamwita kocha aongeze mwingine.

Kwa hiyo simtoi. Ahadi ile nimeivunja, nilaumu mimi, usimlaumu yeye. Ijumaa njoo kama ulivyopanga. Jumamosi wana mchezo. Utakaa na mimi kwenye benchi, na ukishindwa kutazama nitakuambia kinachoendelea, nikiweza kutazama mimi mwenyewe.

Wijdan anakubusu mkono, anasema ulete zile maqrudh zako tamu za tende, kina Farhat nao wamezisikia. Msalimie shemeji, wasalimie watoto na watoto wao. Mungu akulinde njiani mpaka mlangoni kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Laroussi