Kitenge Kimoja na Kalaba

Jumamosi, 4 Aprili 2026

Nimerudi kutoka Kilwa ya Kongo kwa boti ya asubuhi. Ziwa tulivu, nimeimba njia nzima. Gauni la Pasaka liko tayari — kitenge cha samaki wa buluu! Kipande kilichobaki nilimpa Kalaba, fundi wa mashine za boti, rafiki yangu. Kila siku ya soko anakunywa chai kibandani kwangu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Ndani kwangu haingii, kwake siendi. Ndivyo tulivyopatana, na tunaishi vizuri.

Jumapili, 5 Aprili

Aibu gani hii! Naingia kanisani na samaki zangu, Kalaba naye huyo na samaki zake — shati jipya. Kwetu Kongo sare ya namna hiyo ni ya bibi na bwana. Kumbe na huku! Mhubiri mgeni ametupongeza kwa ndoa yetu, mbele ya watu wote. Febby, mchumba wake Kalaba, alikuwa kwenye kwaya. Aliacha kuimba.

Kalaba anacheka tu, eti nguo ni nguo. Mjinga yule. Nampenda kama kaka.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwambia asije tena mpaka aoe. Sisi tunajijua, lakini Febby anaumia. Kauliza tumekosa nini. Nikaanza kuosha vikombe. Kaondoka bila chai. Siku mbaya.

Alhamisi, 9 Aprili

Febby amekuja! Amekaa kwenye kiti cha Kalaba, akaomba chai.

"Ba Simone," akaniita kwa heshima ya huku, "miye siogope weye. Ni ile nguo tu, batu bananicheka."

Nikamwambia kwamba Kalaba nimeshamfukuza.

"Umurudishe. Tangu Jumanne iko kwetu, analalamikia baba yangu mpaka tumechoka. Shati nimeshachukua. Urafiki yenu mubakiye nayo."

"Kwa mpango gani?"

"Chai hapa inje, batu baone. Na miye nitakuja siku nayotaka."

Nimecheka mpaka machozi. Huyu mwanamke ananifaa hata mimi!

Naandika haraka, maji bado hayajachemka. Kalaba yule anakuja, anajifanya anapita tu. Ametuona. Amesimama. Kiti cha wageni ni kimoja, na Febby hana haraka ya kuinuka.