Uduvi Watatu wa Baba

Jumatatu, 5 Februari
Nimeenda kununua samaki wa dhahabu, nimerudi mikono mitupu. Muuzaji aliuliza tangi lina ukubwa gani. Lita kumi, la kukaa kando ya kitanda cha baba. Akacheka. Eti samaki yule anakua kama kiganja, humo ni kumfunga maisha chooni. Samaki wa aina ndogo nao hutaka kundi na nafasi ya kuogelea. Lita kumi ni za uduvi tu, na konokono mmoja nikipenda. Tena si leo! Nijaze maji, nipande majani, nisubiri wiki tatu.

Sawa. Kusubiri tunakujua. Tangu apate kiharusi, miezi mitano sasa, baba anatazama ukuta. Hasemi. Mtu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyesema nimtafutie kitu kinachotembea, akitazame.

Jumatano, 14 Februari
Maji, majani, baba. Hakuna jipya.

Kaka kapiga simu. Kwamba najimaliza bure, baba tuliyemjua ameshaondoka. Amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Jumapili tarehe 17 mwezi ujao anakuja na gari kumchukua. Nikasema sawa. Nilipaswa kukasirika. Sikusikia kitu — ganzi tupu, kama kwa daktari wa meno.

Jumamosi, 2 Machi
Uduvi watatu, wekundu, kila mmoja kama ukucha wa kidole kidogo. Muuzaji alieleza mengi: nisibadilishe maji yote, nisiwalishe sana, wakikua huvua gamba zima kisha hujificha. Nusu nilisikia. Nikamwambia baba: watatu. Alikuwa mtunza ghala miaka thelathini, hata msumari haukumpotea. Aligeuka kidogo, au mto uliteleza.

Jumatano, 13 Machi
Macho yake yanawafuata. Nadhani. Nimemwambia kaka, akasema hata paka hufuata. Basi.

Jumapili, 17 Machi
Mmoja amekufa. Nimemkuta chini ya maji, kalala ubavu, mwepesi kama ganda la kitunguu. Nikamtoa kwa kijiko, nikamtupa. Sikulia. Nikafunga begi la baba: mashati manne, dawa, redio. Nikamwambia, baba, wamebaki wawili.

"Tatu."

Nilidhani ni redio. Imo begini, imezimwa.

Nikapiga magoti, nikahesabu. Mmoja juu ya jani, mmoja kwenye kioo. Wawili, baba. Mdomo umempinda, jasho linamtoka. "Tatu." Na kidole, cha mkono ule mbovu, kikaelekea jiwe la nyuma. Sharubu mbili zinacheza pale, nyembamba kama uzi.

Gamba. Nilitupa gamba, mjinga mimi!

Naandika nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda. Kaka anapiga hodi mara ya pili, gari linanguruma nje. Ufunguo wa mlango uko mfukoni mwangu. Baba anahesabu upya, polepole. Amefika mbili