Keria ya Mutu, Si ya Bidoni

Chanceline mupenzi, uliye huko Baraka, amahoro toka Rumonge.

Baiskeli yangu ya kwenda kazi Kizuka, sasa hata magari yanaipisha. Fundi aliniuliza, "Cikuru, unataka keria ya nyuma ya kubebea bidoni za mafuta ya mawese, ao ya kukalia mutu?" Nikamuambia, mimi niliyetembea mpaka Lubumbashi, nyuma yangu anakaa mke, si bidoni. Akaniwekea ile pana, yenye muto wa kukalia. Mifuko ya kazi nimeifunga mbele, miguu yako isibanwe.

Kila boti ikifika toka kwenu, niko bandarini na baiskeli. Barua tatu haujajibu. Kama hauji, sema tu. Fundi anasema muto unatoka kwa kufungua parafujo mbili. Lakini nilizikaza mimi mwenyewe, na mukono wangu wewe unaujua: nikikaza, hakifunguki kitu.

Mume wako asiyetulia,
Cikuru