Matembezi ya Baba Nafula na Mkewe

Jumamosi, 11 Novemba 1978

Eti nimeaibisha ukoo! Mjomba amenifokea mbele ya watu, mimi mwenye akili kuliko darasa zima nililoliacha.

Kosa langu nini? Pesa za miwa zimeingia, nikampeleka Baba Nafula na mkewe kutembea msituni kwa pikapu ya Mjomba. Wawili tu. Miaka ishirini wanapandanga gari pamoja kwenda matanga tu. Majirani kuwaona wamevaa vizuri, wakaanza kulia. Tuliporudi jioni, boma limejaa waombolezaji, sufuria ziko motoni.

"Nani amekufa?" akauliza Baba Nafula.

"Si utuambie wewe!"

Mjomba amechukua ufunguo. Naogopa, sidanganyi. Bila gari mimi ni mdomo mtupu.

Lakini kuwatembeza wazee na wake zao, siachi! Kule msituni mzee alitangulia kama anayefukuza ng'ombe. Nikamwambia, "Mzee, rudi umshike mama mkono." Akamshika. Mama Nafula akacheka mpaka akakaa chini.

Na hapo kwenye kilio, wanawake watatu wamenivuta nyuma ya jiko. "Wewe kijana, sisi na wazee wetu utatupeleka lini?"

Nimewaambia watafute viatu vya kutembea.