Rula Niliyoisahau Mfukoni

Jumatatu, 26 Agosti

Nimechemka! Nimeingia nyumbani nikaubamiza mlango mpaka Rosalie akaacha kumenya viazi. Dada yangu huyu hajui kuuliza swali moja moja. Nani kakuudhi, umefukuzwa, umekula?

Ni Curtis, msimamizi wetu. Kaja kwenye meza zetu, mimi na Lyle Paszek, akatutangazia kwa sauti yake ya kanisani kwamba kiwanda chetu cha kuyeyusha chuma kinaachana na mifano ya mti. Tangu nikiwa msichana nachonga mifano. Mfano wa mti unabonyezwa kwenye mchanga, unatolewa, chuma kilichoyeyushwa kinamiminwa kwenye shimo lake. Basi! Sasa mifano itachorwa kwenye kompyuta na mashine itaichonga. Anayetaka kubaki na meza yake ajiandikishe darasa la jioni chuo cha jamii, kuunda mifano kwa kompyuta. Mwisho Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Asiyetaka, chini kwenye mchanga, akashike koleo.

Na mwalimu ni nani? Pakou Vang! Kale kasichana ka ofisi ya juu kanakochora. Vidole havijawahi kuchomwa na kibanzi. Eti nikae mbele yake ninyooshe kidole: mwalimu, mwalimu.

Siendi. Siendi ng'o.

Jumanne, 27 Agosti

Lyle naye haendi. Tumepeana mikono kabisa. "Tukigoma wote wawili watafanyaje, Bernie? Mti utajichonga wenyewe?" Tumecheka mpaka Curtis akachungulia.

Lakini Lyle ana kibanda chake ziwani. Wakimkera sana anastaafu, anaenda kukaa huko na bia yake. Mimi nina meza tu. Meza ile niliipigania! Enzi hizo hawakutaka mwanamke aguse patasi. Waliniwekea mchanga kwenye viatu. Nikavivaa hivyo hivyo, nikachonga.

Na kitu kingine — hiki simwambii mtu. Nikienda halafu nisielewe? Watoto wa miaka kumi na tisa wanabofyabofya, mimi natafuta pa kuwashia. Hasira yote hii, nusu yake ni woga. Nimeshaandika. Basi.

Jumatano, 28 Agosti

Ha! Ha tena!

Mfano wa kwanza wa mashine umeletwa. Kasha la pampu, limesuguliwa likang'aa, kila mtu anapapasa. Nikatoa rula yangu mfukoni mwa aproni, nikapima. Fupi! Nikapima tena. Fupi! Nikapaza sauti mpaka wa tanuru wakageuka. Nikasema hiyo kompyuta yenu haijui kwamba chuma kikipoa kinasinyaa? Ndiyo maana rula zetu alama zake zimeachanishwa makusudi, mfano uwe mkubwa kidogo, chuma kikisinyaa kifike saizi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo!

Lyle hata hakupima. "Bernie akisema fupi, ni fupi."

Curtis kamgeukia Pakou mbele ya watu wote, kamwambia kazi yake ni ya kitoto na arudie yote. Msichana kaja kwangu taratibu. "Bi Bernie, nionyeshe wapi. Mimi nilihesabu vizuri." Nikamjibu si wewe ndiye mwalimu, katafute mwenyewe. Watu wakacheka. Macho yake yakajaa maji, akapanda ngazi.

Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 29 Agosti

Mjinga. Mjinga mkubwa mimi!

Juzi Rosalie alinipimia kwa tepu nafasi kati ya friji na ukuta, anataka kasha la mkate. Jana, nikiwa na furaha zangu, nikakata mbao. Leo nimeligonga misumari, nimelisukuma — haliingii. Rosalie akaanza kucheka. Kila mchonga mifano ana kitu kimoja nyumbani kisichoenea, kwa sababu kakata kwa rula ya kazini. Lyle ana kabati halijafungwa tangu aoe. Nikacheka na mimi.

Halafu nikaangalia tena. Limezidi, sawa, lakini limezidi mara mbili ya kawaida ya rula ya kazini! Nikaichukua rula, nikaisugua kwa kidole pale kwenye mhuri. Ni rula ya kupimia mifano ya chuma cha pua. Chuma cha pua kinasinyaa zaidi, alama zake zimeachana zaidi. Wiki iliyopita nilichonga gia ya chuma cha pua, nikaiacha hiyo hiyo mfukoni. Kasha la pampu ni la chuma cha kawaida.

Mfano wa Pakou ulikuwa sawasawa. Sawasawa kabisa! Na sasa wanachonga mwingine mrefu zaidi, kwa sababu yangu.

Rosalie kaniuliza mbona umekaa chini. Nimemfokea. Kosa langu, nafokea watu. Kesho asubuhi namwambia Curtis. Kwanza kabisa, kabla ya kahawa.

Ijumaa, 30 Agosti. Mchana, ndani ya gari

Sijamwambia.

Nilifika mlangoni kwake. Akatoka Lyle, meno yote nje. Kamwambia Curtis haendi darasani, na Bernie keshaonyesha mashine haiwezi kupima. Na Curtis kalainika! Huenda tukaachiwa meza zetu. "Umetuokoa, bibie! Jioni samaki wa kukaanga juu yangu." Nikageuka nikarudi mezani. Miguu yenyewe iligeuka.

Mkate wangu wa soseji umepoa. Rula zote mbili ziko mapajani. Ya chuma cha pua itasema mfano mpya uko sawa, nabaki na meza yangu. Ya chuma cha kawaida itasema umezidi, na kila mtu atajua.

Wanamimina baada ya chakula.

Pakou anakuja. Anavuka maegesho, kaukumbatia mfano mpya. Kagonga kioo.

"Samahani, Bi Bernie, nakukatizia chakula. Nipimie kabla hawajamimina. Wengine siwaamini, wewe nakuamini."

Nakuamini! Si bora angenitukana?

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Anasubiri juani bila kununa. Lyle kasimama mlango wa kiwanda, ananinyooshea dole gumba.

Nimempitishia rula dirishani. Zote mbili. Nimemwambia pima kwa hii, halafu kwa hii, na usome mihuri. Kauweka mfano juu ya boneti langu, kainama. Lyle kashusha dole lake. Anakuja huku, anatembea haraka.

Pakou kamaliza kwa ya kwanza, ya chuma cha pua: sawa. Sasa anapima kwa ya pili: umezidi. Kasimama. Anasoma mhuri. Anainua kichwa, ananitazama. Keshajua.